Je, Wajua? Vituko vya BB, Kutoka Black Mamba Hadi Kaboni

Simamisha baiskeli yoyote hapa Nakuru, iwe inatoka Bahati na mitungi ya maziwa au inarudi Njoro na mwanafunzi, kisha uiname. Pale chini mabomba ya fremu yanapokutana pana bomba jingine fupi, limelala ubavu, ambamo ekseli ya pedali huzunguka. Mafundi wetu huliita BB na kuendelea na kazi zao. Wewe sogea hapa kwenye benchi, maana kile kibomba kina vituko kuliko baiskeli nzima.

Je, wajua kwamba kikombe cha BB cha upande wa cheni hufungwa kinyume? Karibu kila bolti uliyowahi kushika hukaza ukiizungusha kwa mwendo wa saa. Hiki hukaza ukienda kinyume. Kwa hiyo kijana mwenye misuli na spana ndefu anaweza kutoa jasho toka asubuhi hadi adhuhuri akiapa kwamba anafungua, kumbe anakaza!

Sababu yake unaweza kuiona sasa hivi, hapo ulipo. Shika penseli kwa ngumi iliyolegea, kisha kwa mkono mwingine zungusha ncha yake kama unachora duara, kwa mwendo wa saa. Umeona? Penseli inajiviringisha yenyewe kinyume! Ndani ya BB mambo ni hayo hayo: ekseli inakwenda mbele, gololi zinakisukuma kikombe nyuma, na hesi ya kawaida ingejifungua polepole kabla hujafika Gilgil.

Pedali ya kushoto nayo ina hesi ya kinyume, kwa ujanja uo huo. Mwaka 1900 ndugu wawili wenye karakana ya baiskeli mjini Dayton, Marekani, walitangaza pedali zisizojifungua njiani. Bahatisha majina yao. Wilbur na Orville Wright! Mnamo Desemba 1903 mafundi hao hao wa baiskeli wakaruka kwa ndege yenye injini.

Je, wajua kwamba kipimo maarufu zaidi cha BB kimepewa jina la kiwanda cha bunduki? BSA ni kifupi cha Birmingham Small Arms, kampuni iliyoanzishwa na mafundi wa bunduki wa Uingereza mwaka 1861. Nembo yake ilikuwa bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja, na nembo hiyo ilipanda hadi kwenye baiskeli zake.

Shika namba zake, zitakufaa. Kipenyo cha hesi ni inchi 1.37. Kila inchi ina hesi 24. Urefu wa bomba lenyewe, kutoka ubavu hadi ubavu, ni milimita 68.

Ngoja, umesikia hiyo 68? Hifadhi ya Hell's Gate pale Naivasha ina ukubwa wa kilomita za mraba 68 na robo. Nayo ni mojawapo ya hifadhi chache za Kenya unakoruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya twiga na pundamilia. Sadfa tupu, najua, lakini niache nifurahi!

Na je, wajua kwamba Raleigh, ile baiskeli ya babu, ilikataa kabisa hesi za wenzake? BSA ilikata 24 kwa inchi, Raleigh ikakata 26. Vipenyo vyao vimepishana kwa sehemu 5 tu za elfu za inchi, kwa hiyo kikombe cha BSA huingia kwenye fremu hiyo kwa upole, mzunguko mmoja, labda miwili, halafu kinagoma. Ukilazimisha, umeziua hesi za fremu ambayo imeishi kuliko wewe.

Hata upana Raleigh ilijichagulia wake. Kuna mabomba yake ya milimita 71 na mengine ya 76, wakati jirani zake wametulia kwenye 68. Ukiniuliza mimi, nitakwambia mwenye kiwanda alitaka pia kukuuzia spea.

Wewe ulidhani Raleigh ni jina la mwenye kiwanda? Mwenyewe aliitwa Frank Bowden, na Raleigh ni barabara tu ya mji wa Nottingham ambako karakana ilianzia, Raleigh Street. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kiwanda hicho kilikuwa kikitoa zaidi ya baiskeli milioni 1 kwa mwaka.

Usiende bado. Black Mamba unayoiona ikipanda mlima na magunia mawili ya viazi ni ukoo wa baiskeli hizo hizo za Waingereza, ingawa nyingi zimezaliwa India na China. Hero Cycles ya Ludhiana, India, ilianza mwaka 1956, na mwaka 1986 kitabu cha Guinness kikaitangaza kuwa mtengenezaji mkubwa zaidi wa baiskeli duniani. Na Flying Pigeon ya Tianjin, China, iliyoigwa kutoka Raleigh ya mwaka 1932? Zimetengenezwa zaidi ya milioni 500!

Je, wajua kuna gololi ngapi ndani ya BB ya Black Mamba? Ni 22: gololi 11 kila upande, kila moja robo inchi. Fundi huzibandika moja moja kwenye girisi, na ikidondoka moja kwenye vumbi la Kaptembwa, mtaa mzima huinama kuitafuta.

Kuna wanaonunua gololi zilizofungiwa kwenye kijichuma cha duara ili wasihangaike. Hesabu vizuri kabla hujalipa! Mara nyingi kijichuma hicho hubeba gololi 9 tu, kwa hiyo umepoteza 2 kila upande, na mzigo ule ule sasa unabebwa na wachache. Fundi mzee anayekwambia uzitoe kwenye kijichuma na kujaza gololi huru hana ushirikina wowote.

Umewahi kuona kile kitobo kidogo chenye kifuniko, juu ya bomba la BB la baiskeli za zamani? Hicho ni cha kutilia mafuta. Mwenye baiskeli aliweza kuilisha BB yake bila kufungua hata bolti moja. Leo kuna baiskeli za bei ya ng'ombe kadhaa ambazo hazina kitobo hicho.

Kuna kitobo kingine, hiki kiko chini kabisa. Mvua ikinyesha, maji huingia kwenye bomba la kiti, yanateremka ndani kwa ndani na kukusanyika kwenye BB. Kitobo cha chini ndicho mlango wao wa kutokea, kwa hiyo pitisha mkono uone kama matope hayajakiziba. Fanya hivyo leo.

Je, wajua kwamba karibu na Gilgil, pale Kariandusi, vumbi jeupe limetengenezwa na vijimea vya majini? Ni diatomaiti: maganda ya vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo viliishi katika ziwa la kale na kuacha silika tupu. Viwanda hupenda unga huo kwa kuchuja vinywaji na kung'arishia vyuma. Sasa fikiria unga wa kung'arishia vyuma ukiingia katikati ya gololi zako!

Krenki za baiskeli za zamani, ile mikono ya pedali, hushikwa kwenye ekseli na kipini kimoja tu cha chuma kila upande, kile mafundi huita kota pini. Kina ubapa upande mmoja, hupigwa nyundo kuingia, na hupigwa nyundo kutoka. Hakihitaji spana maalumu, wala kitabu cha maelezo. Nyundo, jiwe la kuegemeza, na jicho la fundi.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme una meno 44 mbele na 18 nyuma, na tairi ya inchi 28. Kutoka Nakuru hadi Naivasha, kilomita kama 70, ekseli ya BB yako itazunguka karibu mara 13,000. Miguu miwili, kwa hiyo ni karibu misukumo 26,000, na gololi 22 zimeibeba yote!

Lakini BB yenye kazi ya ajabu kuliko zote haiendi popote. Ni ya fundi wa kunoa visu: baiskeli imepandishwa kwenye stendi, ukanda unaenda kwenye jiwe la duara, naye anapiga pedali akiwa amekaa. Maelfu ya mizunguko, na hajasogea hata mita moja kutoka kwenye lango lako.

Je, wajua kwamba baiskeli zenye gurudumu kubwa la mbele, zile za picha za karne ya 19, hazikuwa na BB kabisa? Krenki zilifungwa moja kwa moja kwenye ekseli ya gurudumu. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa Rover yake yenye cheni ya kuzungusha gurudumu la nyuma, na pedali zikahitaji makao yao wenyewe katikati ya fremu. Ndiyo hayo makao unayoyakanyagia mpaka leo.

Sasa panda tuvuke bahari. Waitaliano walikuwa na BB yao: kipenyo milimita 36, bomba milimita 70, na hesi za kawaida pande zote mbili. Ndiyo, pande zote mbili! Ile hila ya kinyume hawakuitumia, na kikombe cha kulia cha Kitaliano kinajulikana dunia nzima kwa tabia ya kujilegeza.

Wafaransa nao? Milimita 35, hesi za kawaida pande zote. Jirani zao Waswisi wakachukua milimita 35 hizo hizo, lakini wakageuza upande wa cheni ukawa kinyume. Fremu mbili unaziona sawa kabisa kwa macho, na spana yako haijui imesimama nchi gani.

Je, wajua kwamba Mkenya wa kuzaliwa alishinda Tour de France mara 4 juu ya BB hiyo ya Kitaliano? Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akanolewa na David Kinjah kule Kikuyu, kisha akashinda 2013, 2015, 2016 na 2017. Mara zote nne alikuwa juu ya Pinarello Dogma, fremu ya kaboni yenye BB ya hesi za Kitaliano, milimita 70. Miaka hiyo kampuni nyingi kubwa zilikuwa zimeshazitupa hesi kwenye pipa la takataka!

Na Waitaliano hawa si wageni kwetu. Barabara ya zamani inayoteremka ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Mai Mahiu ilijengwa na wafungwa wa kivita wa Kitaliano, na kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 bado liko pale chini, kando ya lami. Jumapili ukiteremka hapo kwa baiskeli, BB yako inapumzika tu. Wenye kazi ni breki na malaika wako.

Tufike kwenye ekseli ya mraba, ile iliyoiondoa kota pini. Ncha zake zina pande nne, nazo huchongoka kwa nyuzi 2 tu. Nyuzi 2! Jicho halioni chochote, lakini mchongoko huo mdogo ndio unaoikamata krenki isitoke.

Hapo pia binadamu hawakukosa la kugombania. Wajapani wana mraba wao, na ule wa kimataifa ambao Campagnolo ya Italia iliufuata ni mwingine. Mchongoko ni sawa, unene wa ncha ni tofauti. Ukivisha krenki ya mmoja kwenye ekseli ya mwingine, hukaa karibu milimita 4.5 mbali na mahali pake. Cheni itanung'unika safari nzima nawe utailaumu gia.

Kama umenunua baiskeli ya mtumba iliyotoka Uingereza, ya miaka ya 1990, huenda ndani yake hakuna gololi za kuokota. BB yake ni kipande kimoja kilichofungwa: ekseli, beringi na sili ndani ya kopo moja. Hukuifanyia chochote, imekuhudumia miaka, na siku ikifa unaitoa yote na kutia nyingine. Ufunguo wake una meno 20 na unaingia ndani; usijaribu patasi.

Pumua kidogo, maana kuanzia hapa namba zinakuja kama mvua ya Molo.

Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Shimano ilileta ekseli ya bomba tupu yenye meno 8, Octalink. Washindani wakajibu kwa yao ya meno 10, ISIS. Shimano wenyewe wakatoa Octalink ya pili ambayo krenki zake haziingii kwenye ile ya kwanza! Jina moja, kampuni moja, na hazielewani.

Mwaka 2003 Shimano wakafanya jambo la kushangaza zaidi: walizitoa beringi nje ya fremu. Bomba la BSA lilikuwa dogo mno kubeba ekseli nene pamoja na beringi nene, basi ekseli ya milimita 24 ikabaki ndani na beringi zikahamia nje, kulia na kushoto. Spana yake ina meno 16 na huvaliwa kwa nje. Hesi? Zile zile 24 kwa inchi za wenye bunduki!

Cannondale wa Marekani walikuwa wamekwisha kuona mbali, mwaka 2000. Wao waliondoa hesi kabisa, wakapanua bomba hadi milimita 42, wakashindilia beringi moja kwa moja ndani ya fremu na kupitisha ekseli ya milimita 30. Wakaiita BB30. Mwaka 2006 wakawaruhusu wengine wote kuitumia bure, na hapo ndipo lango la zizi lilipoachwa wazi.

Hesabu nami. PF30, bomba milimita 46. BB86 ya Shimano, milimita 41. BB90 ya Trek, milimita 37, na beringi zinakaa kwenye kaboni tupu bila kikombe. BBRight ya Cervélo, upana milimita 79, umeongezwa upande mmoja tu! BB386, milimita 46 kwa 86 na nusu. Umechoka? Bado sijataja Colnago, waliokuwa na yao ya 82 na nusu.

Lakini katika vurugu hiyo wapo waliokataa kubadili upana. BB30 ina upana wa milimita 68. PF30 ina upana wa milimita 68. Ni 68 ile ile ya BSA; miguu yako haikupanuka hata kidogo wahandisi walipokuwa wakipanua bomba.

Je, wajua kwa nini BB za kushindilia zilipata sifa ya kulia kwiii-kwiii? Beringi na bomba lazima vibanane kwa tofauti ya sehemu chache tu za mia za milimita. Unywele wa kichwani mwako una unene wa karibu sehemu 7 za mia! Kiwanda kikikosea kwa unene wa unywele mmoja, beringi inacheza, na kila unapokanyaga unasikia panya ndani ya kaboni.

Kisha mwaka 2018 kampuni ya SRAM ikaja na BB yake, DUB. Ekseli yake si milimita 29. Ni 28.99. Ndiyo, wamekata sehemu 1 ya mia ya milimita, kama moja ya saba ya unywele huo huo, na namba hiyo wakaitangaza kwa fahari!

Lakini usiwacheke SRAM haraka. F.K. Day, mmoja wa waanzilishi wake, ndiye aliyeanzisha pamoja na mkewe Leah shirika la World Bicycle Relief mwaka 2005, baada ya tsunami kuipiga Sri Lanka. Shirika hilo ndilo lenye baiskeli za Buffalo, zinazounganishwa pale Kisumu, na keria zake hubeba kilo 100. Mkono mmoja unapima unywele, mwingine unapima gunia la mahindi.

Buffalo ya gia mbili ina cheni mbili, unaamini? Hakuna waya wala swichi ya gia. Unarudisha pedali nyuma kidogo, na cheni nyingine inapokea kazi.

Na ile BB ya kushindilia iliyoletwa kwetu kama teknolojia mpya? Baiskeli za watoto za BMX zilikuwa nayo zamani sana! Bomba lao ni pana, milimita 51.3, halina hesi, vikombe hugongwa ndani. Krenki mbili na ekseli ni chuma kimoja kilichokunjwa, na mtindo huo una jina la mji wa Ashtabula, jimbo la Ohio.

Sasa fungua masikio. Mwaka 2015 Chris King na Argonaut, mafundi wawili wakubwa wa Oregon, walilitazama bomba la milimita 46 la PF30 na kujiuliza: kwa nini tusikate hesi humo ndani? Wakakata. Kipenyo cha hesi kikawa milimita 47, wakaiita T47.

Mwaka 2019 Trek wakaanza kuiacha BB90 yao na kuhamia T47. Mwaka 2020 Specialized wakatoa Tarmac SL7, baiskeli yao ya mashindano ya juu kabisa, na chini yake pana nini? BSA! Inchi 1.37, hesi 24, milimita 68, upande wa cheni kinyume. Mafundi wa pale Bondeni hawakuhitaji semina.

Na upande wa cheni wa T47 hufungwaje? Kinyume. Ile penseli yako haijazeeka.

Je, wajua kwamba mtu alivunja rekodi ya dunia kwa beringi ya mashine ya kufulia nguo? Graeme Obree wa Uskoti alitaka BB nyembamba, magoti yake yakaribiane, na hakuna duka lililoiuza. Akaunda baiskeli yake mwenyewe, akachomoa beringi kwenye mashine ya kufua, akaziweka kwenye BB. Julai 1993, kule Hamar, Norwei, alikwenda kilomita 51.596 kwa saa moja! Huyo angepata kibanda cha jua kali hapa kwetu siku ya kwanza, bila maswali.

Kuna waliotumia BB kwa ujanja mbaya. Januari 2016, katika mashindano ya dunia ya baiskeli za matopeni kule Zolder, Ubelgiji, wakaguzi walikuta motor imefichwa ndani ya bomba la kiti. Motor za namna hiyo huishika ekseli ya BB na kuizungusha kimyakimya. Swichi ilikuwa chini ya utepe wa usukani, na adhabu ya mwendeshaji ikawa kufungiwa miaka 6.

Siku hizi motor hazijifichi. Kwenye baiskeli nyingi za umeme motor imekaa pale pale katikati, na bomba la BB limeondolewa kabisa. Ekseli ya pedali inapita ndani ya motor yenyewe. Ile hoja ya hesi 24 na 26 hapo imekwisha, imekuja ya betri.

Umesikia ya Kigali? Septemba 2025 Rwanda iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda mbio za wanaume. Mwaka uliotangulia alikuwa ameshinda Tour de France juu ya Colnago V4Rs. Wale Colnago wa 82 na nusu, unawakumbuka? V4Rs ina T47. Hesi!

Na kutoka Kigali, ukivuka mpaka kuingia Goma, utakutana na chukudu: mbao nzito, magurudumu mawili ya mbao, usukani, na dereva anayesukuma kwa mguu au kuteremka mlima na mamia ya kilo za viazi na makaa. Goma wameijengea hata sanamu kubwa katikati ya mji. Izunguke ukipenda, iname uchungulie chini kama nilivyokufundisha: haina hesi za kulia wala za kushoto, haina gololi, haina pedali, na mwenye nayo hajawahi kununua BB maishani mwake!